Namna ya Kuandaa Kumbukumbu ya MV Bukoba Mtaani au Shuleni

Kijana wa Mwanza aliyezaliwa baada ya tarehe 21 Mei 1996 anaijua MV Bukoba, meli ya abiria iliyozama siku hiyo katika Ziwa Victoria, kwa kusimuliwa tu, na asiposimuliwa atapanda kivuko kilichojaa kupita kiasi bila kusita. Kumsimulia ndiyo kazi kubwa ya siku ya kumbukumbu, nayo haitimii kwa kuweka mashada na kupiga picha.

Anzeni na wafiwa, mapema iwezekanavyo. Waulizeni kama wako radhi marehemu wao watajwe, nani awataje, na dua au sala zipangwe vipi. Baada ya hapo ndipo mwende kwa mwenyekiti wa mtaa na mtendaji wa kata kuomba kibali, kwa sababu mkitangulia ofisini shughuli hugeuka ya viongozi, na wafiwa wakawa wageni katika msiba wao wenyewe.

Siku chache kabla, nendeni kwenye makaburi ya Igoma, walikozikwa baadhi ya marehemu, mkafyeke na kusafisha. Kazi hiyo waifanye vijana, wazee wakiwa karibu nao, kwa maana maswali ambayo mtoto haulizi mbele ya kipaza sauti huyauliza akiwa ameshika fyekeo.

Sehemu ya mafunzo ndiyo ipewe muda mrefu kuliko zote. Elezeni kwamba meli iliruhusiwa kubeba abiria 430, ilhali waliopoteza maisha peke yao walizidi 800, na kwamba ilitoka Bukoba, ikapitia Kemondo, ikapinduka ikiwa imekaribia kabisa kufika Mwanza. Elezeni pia jambo linalouma zaidi: chombo kilikuwa bado kinaelea juu chini, na waokoaji walipotoboa bodi ili kuwafikia waliokuwa hai ndani, hewa ilitoka na meli ikazama. Darasani jambo hili huonyeshwa kwa kopo la bati lenye tundu dogo kitakoni. Lizibeni tundu kwa kidole, mlifudikize kwenye beseni la maji, nanyi mtahisi hewa ikilisukuma juu. Ondoeni kidole, na kopo litashuka. Onyesho hili lifanyike shuleni, kamwe lisifanyike makaburini mbele ya wafiwa.

Msiishie 1996. Tarehe 20 Septemba 2018 kivuko cha MV Nyerere, chenye uwezo wa kubeba watu 101, kilipinduka karibu na gati la Bwisya, kisiwani Ukara, wakafa watu 228. Naona haiwezekani kuadhimisha msiba wa kwanza kwa dhati huku ukiunyamazia wa pili, maana kosa la kujaza chombo lilijirudia katika ziwa lilelile.

Kuhusu ngoma, maoni yangu ni kwamba mashindano yaachiwe sikukuu ya Bulabo kule Bujora, Kisesa, ambako Bagika na Bagalu, makundi mawili ya ngoma ya Wasukuma, hushindana kwa furaha inayostahili siku yake. Hata hivyo, mwombeni manju atunge wimbo wa maombolezo na kuwafundisha vijana, kwa kuwa hotuba husahaulika upesi, lakini wimbo mtoto huuimba hata anapochota maji.

Shughuli ikiisha, andikeni majina yaliyosomwa na masimulizi ya wazee katika daftari mbili, moja ibaki shuleni na nyingine ofisi ya mtaa, kisha siku hiyohiyo teueni watakaowatembelea wafiwa kwa maandalizi ya mwaka unaofuata.