Mambo ya kuzingatia kabla hujagusa heda zenye aina zinazogongana

Kwenye lugha ya C, heda ni faili ya `.h` inayotangaza majina na aina za data ili faili nyingine ziitumie kwa `#include`. Kompaila, yaani programu inayogeuza msimbo uwe lugha ya mashine, ikikuandikia `conflicting types for` (jina moja limetangazwa kwa aina mbili tofauti), toa mikono kwenye kibodi, usome. Anza na kosa la juu kabisa. Yale mengine chini yake mara nyingi limeyazaa lenyewe. GCC, mojawapo ya kompaila za C, inakutajia sehemu mbili: palipogongana, na jina lilipotangazwa mara ya kwanza. Fungua faili zote mbili, uzipange ubavu kwa ubavu.

Hakikisha kila heda ina `#ifndef` yake au `#pragma once`, isisomwe mara mbili. Usiipe heda yako jina la `time.h` au `string.h`, hayo ni ya heda za C yenyewe. Hifadhi kazi kwenye git (programu ya kutunza matoleo ya msimbo) kabla ya kubadilisha hata herufi. Usipojua nani kamleta nani, `gcc -H` itakuonyesha heda zinavyoitana, na `gcc -E` itakumwagia kila kitu baada ya `#include` zote kufunguliwa.

Angalia pia toleo la kompaila. GCC 15, iliyotoka 2025, inafuata C23, kanuni mpya za lugha ya C, usipoiambia vingine, na humo `bool` ni neno la lugha lenyewe. `typedef int bool;` (`typedef` huipa aina jina jipya) iliyokaa miaka kwenye heda ya zamani itakataliwa. Weka `-std=gnu17`, inayorudisha kanuni za zamani, upate nafasi ya kupumua, kisha uirekebishe.

Sasa hili ndilo lililonifanya niandike. Kijitonyama, Dar es Salaam, kuna vijana walikuwa wanatengeneza vifaa vya kufuatilia mabasi ya mikoani. Heda yao ilisema `typedef unsigned int u32;`, na maktaba ya muuzaji wa chipu ilisema `typedef unsigned long u32;`. Kompaila ikagoma, na ilikuwa na haki. Mmoja wao akabadilisha ya kwao ifanane na ya muuzaji. Kosa likatoweka, kifaa kikawaka, kila mtu akafurahi, maana kwenye chipu ile ya biti 32 aina zote mbili ni baiti 4.

Lakini heda hiyohiyo ndiyo iliyotumika kwenye seva, na seva ilikuwa Linux ya biti 64, ambako `unsigned long` ni baiti 8. Pakiti iliyoondoka kwenye basi ikiwa na baiti 16, seva ikaisoma kana kwamba ni 24. Basi limetoka Stendi ya Magufuli linaelekea Morogoro, ramani inalionyesha mahali pasipo na barabara. Wakalaumu antena, wakalaumu mtandao, wakabadilisha laini za simu. Mwenye mabasi akazuia malipo, na vijana wale walikuwa na kodi ya ofisi inawasubiri.

Kwa hiyo kabla hujabadilisha aina, uliza: heda hii inasomwa na mashine ngapi? Kitu chochote kinachosafiri kati ya mashine kiandike kwa `uint32_t` (baiti 4 kwenye mashine yoyote) ya `<stdint.h>`, iliyomo kwenye C tangu 1999. Jina lako la `u32` lipe kiambishi cha mradi, na heda ya muuzaji iite ndani ya faili moja tu ya `.c`, usiihariri. Halafu weka `_Static_assert(sizeof(struct pakiti) == 16, "ukubwa");` pande zote mbili, kompaila igome pakiti isipokuwa baiti 16. Ingewaokoa wale vijana siku ileile.

Washa `-Wall -Wextra`, kompaila ikupe maonyo zaidi. Usinyamazishe onyo kwa kulazimisha aina kwenye mabano. Usisukume marekebisho ya heda Ijumaa jioni watu wakiwa wameshapanda daladala. Na jenga kwa kompaila zote mbili, ya kifaa na ya seva, kila mara, hata kama umegusa mstari mmoja.