Jinsi ya kusoma kanuni za uchawi kwenye Dungeons & Dragons

Juzi nilimwelekeza rafiki aliyechagua kucheza mchawi kwa mara ya kwanza katika mchezo huu wa mezani, ambao wachezaji huigiza wahusika na kuamua mambo kwa dadu. Karibu kila alipokwama, jibu lilikuwa kwenye ile mistari michache iliyo juu ya maelezo ya uchawi, ambayo wengi huiruka. Mwongozo huu unafuata toleo la tano, kanuni za 2014. Kanuni za msingi za toleo hilo ziko huru chini ya leseni ya Creative Commons tangu 2023. Pakua hati yenyewe, SRD 5.1, usitegemee muhtasari wa watu.

1. Jaza namba zako. Kiwango ambacho adui anapaswa kukifikia ili kuukwepa uchawi wako ni 8, jumlisha umahiri (nyongeza inayokua na ngazi ya mhusika), jumlisha nyongeza ya sifa yako: Akili kwa Wizard, Hekima kwa Cleric, Mvuto kwa Sorcerer (hizi ni aina za wahusika wenye uchawi). Wizard wa ngazi ya 5 mwenye Akili 18 anapata 8 + 3 + 4, yaani 15.

2. Soma mistari ya juu. Muda wa kupiga, umbali, mahitaji, muda wa kudumu. Kitu kisichotajiwa bei kinaweza kufidiwa na mkoba wako wa vifaa au fimbo. Kilichotajiwa bei lazima uwe nacho. Revivify, uchawi wa kumfufua aliyekufa punde, inadai almasi za thamani ya dhahabu 300, na zinateketea.

3. Angalia kama ni uchawi wa kushikilia. Hapa ndipo saa zinapopotea. Mstari wa muda ukiwa na neno Concentration, uchawi huo unadumu mradi unaushikilia, na huwezi kushikilia miwili. Mshika mawili moja humponyoka: umempa mwenzako Haste, uchawi wa kasi, kisha ukapiga Fly, wa kuruka, ambao nao ni wa kushikilia, Haste inakatika palepale, na mwenzako hawezi kutembea wala kutenda mpaka zamu yake inayofuata ipite.

Ukiumizwa huku unashikilia uchawi, unarusha dadu ya kujinusuru kwa Ustahimilivu ili usikuponyoke. Lengo ni 10 au nusu ya madhara, lolote lililo kubwa zaidi, na nusu hupunguzwa kwenda chini: madhara 21 ni lengo la 10, madhara 30 ni 15. Kama una kinga inayopunguza madhara, punguza kwanza, ndipo ugawe. Kila pigo lina dadu yake. Mapanga mawili ya 14 na 9 ni kurusha mara mbili kwa lengo la 10. Usiyajumlishe, ingawa nimeona meza nyingi zikifanya hivyo. Hata madhara yakimezwa yote na uhai wa muda (pointi za ziada zinazopungua kabla ya uhai wako), bado unarusha.

Kutembea hakukatishi. Kushambulia hakukatishi. Kupiga uchawi usio wa kushikilia, kama Fireball au Shield, hakukatishi. Kuzimia kunakatisha, na kufa pia. Mtego ni huu: ukiuweka uchawi tayari ili uuachie baadaye kwa tendo la kujibu (lile unalofanya jambo fulani likitokea, hata nje ya zamu yako), kule kuusubirisha nako ni kushikilia, hata kama wenyewe hauna neno hilo. Ulichokuwa umeshikilia kinakatika. Vivyo hivyo kwa uchawi unaochukua muda mrefu kuliko tendo moja kuupiga.

Weka pete au kipande cha karatasi juu ya kadi ya uchawi unaoushikilia. Programu za simu hukumbusha, lakini nazipinga kwa mchezaji mpya: zinatoa jibu bila sababu. Andika kadi zako kwa mkono.

4. Tendo la ziada. Ukipiga uchawi wowote kwa tendo la ziada, mfano Healing Word, katika zamu hiyo unabaki na ule mdogo tu (cantrip) usiotumia nafasi, yaani akiba yako yenye kikomo ya kupiga uchawi mkubwa, na unaopigwa kwa tendo moja. Guiding Bolt, inayotumia nafasi, hapana, hata ukianza nayo. Kanuni za 2024 ni tofauti: huko unatumia nafasi moja tu ya uchawi kwa zamu.

5. Uchawi unafanya kilichoandikwa. Usiuongezee. Fire Bolt inataja kiumbe au kitu, kwa hiyo unaweza kuulenga mlango. Eldritch Blast inataja kiumbe peke yake, kwa hiyo mlango hauguswi. Ukitaka mwendesha mchezo akuruhusu zaidi ya hapo, mwulize kabla zamu yako haijafika.