Kisu cha Bucha Hakiendi Mtoni

Kazi yangu ni nyama. Miaka 19 nimesimama nyuma ya gogo katika soko la Burma, Nairobi, na visu navijua kwa uzito hata taa zikizimika. Lakini siku ya kwanza shemeji yangu aliponipeleka kuvua trauti kwenye msitu wa Kimakia, kule juu ya Thika unapoelekea Njabini, mimi mwenye visu saba ndiye niliyebeba kisu kibaya kuliko wote.

Nilichukua kile cha kutolea mifupa: chembamba, cha inchi 6, kikali kama wembe. Nikakizungushia gazeti, nikakisokomeza kwenye begi, tukapanda matatu. Tulipopita Gatura barabara ikaanza kuturusha, nikaona heri nilikalie lile begi. Ncha ikatoboa gazeti, ikatoboa begi, ikanisalimu kwenye tako. Siku hiyo nilivua nimesimama kutwa nzima, na shemeji akadhani ni bidii.

Sasa nina kisu kingine, na wateja wangu wanaopenda kwenda msituni huniuliza habari zake. Nitaeleza jinsi nilivyokipata na jinsi ninavyosafiri nacho.

Nilikwenda Kamukunji, kwa mafundi wa jua kali wanaofua vyuma kutwa kucha. Nikamwambia mmoja, "Fundi, nataka kisu cha mtoni."

"Cha mtoni ndicho kipi, mkubwa?"

"Kidogo. Bapa lisizidi upana wa kiganja changu."

Akacheka. "Hicho ni cha kumenyea viazi."

Hakukosea. Samaki tunayemfuata kule juu ni mdogo, wengi wao unawashika kwa mkono mmoja, na kisu kirefu kitakukata wewe kabla ya kumfikia yeye. Fundi alinifulia kisu kutoka kwenye springi ya gari: bapa la sentimita 9, upana sentimita 2, mgongo unene wa milimita 3. Mpini ni wa mtamaiyu, ule mti mgumu ambao wengine huuita mzeituni mwitu, na pale bapa linapoingia mpinini pana noleo, yaani pete, la shaba lililotokana na kipande cha bomba. Nililipa shilingi 700, na ala nikaahidiwa kesho. Ile kesho ilikuja baada ya wiki mbili.

Kina kasoro mbili. Kinashika kutu upesi, na ncha yake imepinda kidogo upande wa kushoto kwa sababu niliwahi kufungulia mkebe wa maharagwe, kosa langu mwenyewe. Kasoro hizo nazijua kama ninavyozijua za shemeji, na ndiyo maana nakiamini. Kisu kipya kinachong'aa hujui kitakuangusha wapi.

Kama hutaki habari za kutu, kuna visu vya Mora vya Uswidi, vyenye bapa la chuma kisichoshika kutu na mpini wa plastiki. Ni vyepesi, na damu huoshwa ikatoka. Opinel ya Ufaransa, ile ya kukunja, naipenda sana kwa mkate na jibini, lakini mpini wake wa mbao huvimba ukilowa, na vidole vikishaganda kwa baridi hakifunguki. Isitoshe, kisu chochote cha kukunja huficha ute wa samaki kwenye kiungo chake, na siku ya tatu begi lote linanuka.

Hiyo baridi si maneno tu. Trauti si samaki wa kwetu. Mwaka 1905 Ewart Grogan alileta trauti kutoka Loch Leven, Uskoti, wakatiwa katika mto Gura huko Nyandarua, na mpaka leo wanaishi tu pale ambapo maji yamebaki baridi kama ya kwao. Kwa hiyo popote utakapomvua, mikono yako itakuwa imekufa ganzi. Mpini mwembamba unaopendeza dukani hutausikia kiganjani. Chagua mnene, wenye tumbo kidogo, usiopakwa vanishi ya kuteleza. Ujaribu hivi: tia mkono kwenye ndoo ya maji ya barafu mpaka ufe ganzi, paka sabuni, kisha ushike mpini. Ukizunguka, rudisha.

Kabla hakijaenda mtoni, kisu kikae jikoni mwezi mzima. Kikate sukuma, kigawe kuku, kimenye viazi kama alivyosema fundi. Mama watoto alikikataa changu wiki ya kwanza: akanionyesha alama nyekundu chini ya kidole cha shahada, mahali ambapo ukingo wa mpini ulikuwa unamchoma. Nikapitisha msasa jioni moja, yakaisha. Malengelenge hayo ningeyapata mimi msituni, kilomita nyingi kutoka kwenye msasa wa karibu.

Kunoa ndiko ninakokaa sana, kwa sababu ndiko watu wanakoharibu. Usikipeleke kwenye mashine ya kusaga vyuma. Cheche zile zinapendeza, lakini makali membamba hupata moto haraka, na ukiona chuma kimegeuka rangi ya buluu, ujue ule ugumu alioutia fundi umekwenda. Utakinoa leo, kesho kimelala. Nunua kinoo cha pande mbili, upande wa kukwaruza na upande laini. Kilowe maji. Laza kisu, kisha inua mgongo mpaka upate pembe ya nyuzi 20 hivi. Kwa kisu cha upana wa sentimita 2 kama changu, mgongo unakuwa juu ya jiwe kwa milimita 7, unene wa kidole kidogo cha mtoto. Sukuma kama unayetaka kubandua karatasi kwenye jiwe, kuanzia shinani hadi nchani, bila kukandamiza. Baada ya mara kumi au zaidi pitisha dole gumba upande wa pili, kutoka mgongoni kwenda nje, kamwe si kwa kufuata makali. Ukihisi ukingo mdogo wa chuma unaokwaruza kama kucha iliyokatwa vibaya, upande huo umekwisha, geuza. Ukingo huo ukishahisiwa pande zote mbili, hamia upande laini, punguza nguvu, kisha malizia kwenye mshipi wa zamani wa ngozi, ukivuta kisu kinyumenyume. (Nasema mshipi wa kiunoni. Shemeji yangu aliwahi kuniletea mshipi wa kuvulia.)

Kipimo changu ni nyanya iliyoiva. Weka makali juu ya ganda, vuta bila kubonyeza. Kikizama kwa uzito wake wenyewe, funga begi.

Sasa ala. Ya ngozi ni nzuri machoni, lakini ngozi hunywa maji, na chuma cha springi kikilala usiku mmoja ndani ya ngozi iliyolowa kitaamka na madoa ya rangi ya chai. Ala yangu ni kipande cha bomba la plastiki la maji, kilichopashwa moto kikalainika, kikabanwa kati ya mbao mbili kisu kikiwa ndani. Fanyia kazi hiyo nje, moshi wake si wa kuvuta. Chini toboa tundu ili maji yatoke. Kisu kiingie na kulia "tak", na ukigeuza ala juu chini na kuitikisa, kisitoke. Kikitoka, hiyo si ala.

Kutoka Nairobi hadi mtoni ndiyo sehemu ambayo wenye visu husahau. Mjini kisu hakivaliwi kiunoni. Sheria yetu ya jinai inakataza kutembea na silaha hadharani kwa namna ya kutia watu hofu, na usingoje kueleza mbele ya kituo cha matatu kwamba chako ni cha samaki. Kiwe ndani ya ala, ndani ya taulo, chini kabisa ya begi, pamoja na fimbo ya kuvulia na leseni ya uvuvi. Mkate na sukari nunua jana yake. Mimi niliingia duka kubwa na begi langu asubuhi ya safari, kile kifaa cha mlinzi kikalia, na nikaanza kueleza nikiwa tayari nimezingirwa na watu sita. Siku hizi nikilazimika kupita mlangoni nasema mapema, kabla ya kuguswa begi: "Boss, humu ndani mna kisu cha kuvulia samaki, nikuachie?" Hakuna aliyewahi kunikatalia.

Kwenye lango la msitu au la hifadhi ya wanyama ni vivyo hivyo, ila kwa heshima zaidi. Wale askari kazi yao ni kutafuta wawindaji haramu. Panga refu na waya kwenye begi ni maswali ya saa nzima, kwa hiyo panga liache nyumbani, na kisu kitaje mwenyewe. Akisema kibaki langoni, kibaki. Utarudi na samaki ambaye hajapasuliwa, basi.

Mtoni kwenyewe kisu hufanya kazi kidogo kuliko unavyofikiri. Uzi wa kuvulia trauti ni mwembamba kama unywele, na kuukata kwa kisu ukiwa umesimama juu ya jiwe la utelezi ni ujinga. Ninginiza kikata kucha kwenye kamba shingoni. Kisu kikitoka kwenye ala, mimi huwa nimekaa. Ukitembea, kimefungwa. Na kama kwenye bucha, hatupeani kisu mkono kwa mkono: unakiweka juu ya jiwe au gogo, mwenzako anakiokota. Shemeji aliona haya ni madaha ya watu wa mjini mpaka siku alipopokea kisu kwa upande usio wake.

Nyati au ndovu akitokea, sahau kwamba una kisu. Rudi ulikotoka, polepole, na umsikilize anayewaongoza.

Kazi yake halisi ni kupasua samaki. Muue kwanza, kwa pigo moja la kijiti kizito juu ya kichwa, nyuma ya macho. Magamba ya trauti ni madogo mno, huna haja ya kuyaparua. Mshike kwa kitambaa au nyasi kwa sababu ya ute, tumbo juu. Ingiza ncha kwenye tundu la haja, makali yakitazama juu, kina cha nusu sentimita tu, kisha vuta kuelekea kichwani hadi kati ya mashavu. Hapa mkono wangu wa bucha ulinisaliti: nilizama kama kwa mbuzi, nikapasua nyongo, samaki akawa mchungu kama mwarobaini. Kata koo chini ya taya, shika hapo, vuta; matumbo na matamvua hutoka pamoja kama soksi. Utabaki mstari mweusi wa damu uliolala kwenye uti wa mgongo. Huo usiutafute kwa kisu, ukwangue kwa kucha ya dole gumba huku ukimwagia maji. Matumbo usiyarudishe mtoni wala usiyaache karibu na hema, maana fisi wa Nyandarua wana pua. Yatie kwenye mfuko, yatoke na wewe.

Pale moto unaporuhusiwa, kisu kitachonga vijiti vya kuwashia: chukua tawi kavu lililoanguka, ondoa ganda lililolowa, chonga nyuzi nyembamba zikibaki zimeshikamana na kijiti kama manyoya. Chonga kuelekea nje, viwiko juu ya magoti, na kamwe si katikati ya mapaja, kwa kuwa mshipa mkubwa wa damu unapita humo na hospitali iko mbali. Mtu mwingine akae mbali kiasi cha mkono ulionyooshwa na kisu chake. Mianzi uiogope kuliko kisu: ikipasuka, ukingo wake hukata bila kukuarifu. Ukikatika, bandika kitambaa safi, kandamiza dakika 10 bila kuchungulia, mkono juu. Kuchungulia ndiko kunakoanzisha damu upya.

Tukirudi nyumbani usiku, hata nikiwa nimechoka, nakiosha, nakifuta, napaka tone la mafuta ya kupikia na kukilaza droo, nje ya ala. Kesho yake mama watoto hukikatia vitunguu, na siku hizi hanung'uniki ila kwa harufu ya samaki. Harufu huondolewa na ndimu, lakini ndimu huacha doa jeusi kwenye chuma cha springi, kwa hiyo paka, suuza na ufute papo hapo.