Vizibo 30 na kofia: namna ninavyoieleza Pakistan ya 1971

Kijiwe chetu kiko Ngamiani, Tanga, kwa muuza kahawa na kashata. Mwalimu mstaafu mwenzangu ameniuliza nawashikaje vijana wa bodaboda kwa habari ya nchi iliyovunjika kabla hawajazaliwa: Pakistan, ambayo upande wake wa mashariki ndio Bangladesh ya leo. Ramani situmii. Naazima vizibo vya drafti.

Unahitaji 30, kila kizibo viti 10. Drafti ina 24. Sita omba dukani. Panga vikombe katikati: hiyo India, kilomita kama 1,600, zaidi ya mara nne ya kutoka hapa hadi Dar. Pakistan iko huku na huku. Sasa tangaza uchaguzi wa Desemba 1970, viti 300. Weka 16 mashariki: Sheikh Mujibur Rahman na chama chake Awami League, viti 160, vyote alivipata huko huko mashariki. Vinane magharibi, Zulfikar Ali Bhutto na chama chake, viti 81. Vilivyobaki ni vya wadogo wadogo.

Uliza: nani aunde serikali? Watajibu hujamaliza kuuliza. Hapo waambie Bhutto aligoma kwenda bungeni, na tarehe 1 Machi 1971 rais, Jenerali Yahya Khan, akaliahirisha bunge. Vua kofia, funika vile 16. Nyamaza. Waache wapige kelele, maana Dhaka, mji mkuu wa mashariki, nako walipiga.

Mara ya kwanza nilianzia vitani, nikaharibu: kila mtu akawa jenerali, kahawa ikapoa. Jeshi lije baada ya kofia. Usiku wa 25 Machi lilishambulia Dhaka, chuo kikuu na kambi za polisi zikiwamo, na askari wengi wa Kibengali, yaani wa mashariki, wakaasi na silaha zao. Kwangu kosa hili ni zito kuliko la bunge. Bunge lingeweza kuitwa tena hata mwezi wa nne. Aliyezika mwanawe utamwita kwenye kikao gani?

Lazima atatokea mmoja: "Mwalimu, si India tu hiyo iliyowavunja?" Usimbishie, mpe tarehe azipange mwenyewe. Wakimbizi wa mashariki walikuwa wameshaingia India kwa mamilioni kabla ya vita kamili ya Desemba kati ya India na Pakistan. Tarehe 16 Desemba Jenerali Niazi, kamanda wa jeshi la Pakistan huko mashariki, alisaini kusalimu amri Dhaka, mateka wakawa kama 93,000. Vita yenyewe haikufika wiki mbili.

Halafu rudisha vizibo upesi. Wenye drafti yao hawana subira, na sita vya dukani huwa vinapotea.