Kupima tishio la usalama linapofika barazani Tanga

Ujumbe wa sauti umeingia kwenye kundi la mtaa usiku: magaidi wamevuka Horohoro, mpakani na Kenya, wageni wote wasakwe, na anayepinga ni msaliti. Usiusambaze, hata kwa kuuliza "jamani, hii ni kweli?" Atakayeupokea kwako ataupeleka mbele bila swali lako.

Chukua karatasi uandike mistari mitatu: tukio (nini kimetokea, wapi, lini), tishio (nini kinasemwa kitafuata), na dai (unatakiwa ukubali nini). Propaganda ya usalama hufanya kazi kwa kuisokota mitatu hiyo ikawa kamba moja, na tukio mara nyingi ni la kweli. Novemba 1914, hapa hapa Tanga, jeshi la Waingereza la watu kama 8,000 lilishindwa na kikosi cha kamanda Mjerumani von Lettow-Vorbeck chenye watu kama 1,000. Nyuki waliwauma askari, hilo ni kweli. Ikazushwa kwamba Wajerumani waliwatega nyuki hao makusudi kwa kamba, na kushindwa kukapata kisingizio. Kwa hiyo ukikanusha kila kitu, atakayeonyesha nyuki tu atakushinda.

Kwenye tishio, tafuta mwenye kauli. "Vyanzo vya uhakika" si jina la mtu. Sauti haina tarehe, hivyo ya zamani hurudishwa kama mpya. Picha ipitishe kwenye Google Lens (huduma ya kutafuta kwa kutumia picha), kisha tafuta ilipoonekana mara ya kwanza kabisa, si jibu lililokaa juu. Ikiwa ni video, piga picha za skrini tatu: mwanzo, katikati, mwisho. Utafutaji huweza kukwama picha ikikatwa au ikigeuzwa kushoto kulia. Igeuze ujaribu tena, kisha soma vibao vya maduka, namba za magari na sare.

Cheo cha msemaji hakitoshi. Februari 5, 2003 Colin Powell, Waziri wa Mambo ya Nje wa Marekani, aliliambia Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa kuwa Iraki ina silaha za maangamizi. Vita vikaanza mwezi uliofuata, na mwaka 2004 wakaguzi wa Marekani yenyewe wakaripoti kwamba hawakukuta akiba ya silaha hizo.

Dai ndilo la kuchunguzwa zaidi. Muulize anayelileta: linazuia vipi tukio hili hasa? Nani atalisimamia, na mahakama ina nafasi gani? Litakoma lini? Swali la mwisho ndilo hukwepwa. Jengo la Bunge la Ujerumani liliungua Februari 27, 1933. Kesho yake amri ya dharura ikasimamisha uhuru wa kusema na kukusanyika, na ikadumu hadi utawala wa Hitler ulipoanguka mwaka 1945.

Ukisimama kusahihisha, anza na linalojulikana, taja uvumi mara moja tu, rudi kwenye linalojulikana. Ukiurudia mara tano, watu watakumbuka uvumi. Mzee aliyeutuma usimuumbue kundini, mpigie: "Shikamoo mzee, ule ujumbe uliupata kwa nani?" Fuata mnyororo huo hadi kwa aliyeona kwa macho yake, au hadi ukatike.

Ukiona hatari mwenyewe, piga 112 au mwone mwenyekiti wa mtaa kabla ya kuandika popote. Kifungu cha 16 cha Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 kiliweka faini isiyopungua shilingi milioni 5, au kifungo kisichopungua miaka 3, au vyote, kwa anayechapisha uongo akijua.