Jengo la zamani la shamba la mkonge liwe chuo cha uchongaji: anzia stoo ya magogo

Anayepata jengo la zamani la shamba la mkonge, Lindi au upande wa Mikindani, akataka kulifanya chuo cha kuchonga mpingo, mara nyingi hukimbilia madawati na rangi. Tunamshauri aanze na stoo ya magogo. Mwanafunzi anaweza kujifunza chini ya mwembe, lakini gogo lililopasuka halina dawa.

Kuta kwanza, kwa ufupi. Kama ni za mawe ya matumbawe na chokaa, usizibe kwa saruji. Saruji hufungia unyevu ndani, chumvi ikatafuta pa kutokea, na lipu ikabanduka pamoja na uso wa jiwe. Changanya ndoo 1 ya chokaa iliyozimwa kwa maji na ndoo 3 za mchanga wa mtoni. Wa ufukweni una chumvi. Loanisha ukuta, piga tabaka jembamba la sentimita 1, kisha funika kwa magunia yaliyolowa kwa siku 7. Likikauka kwa pupa, ukipitisha kidole kinatoka na unga mweupe.

Stoo iwe upande usiopigwa na jua la mchana, yenye matundu ya hewa chini na juu, ila isielekee upepo wa kusi moja kwa moja.

Magogo yanunuliwe kwenye misitu ya vijiji. Kilwa ina uzoefu huo: misitu ya Kikole na Kisangi ilipata mwaka 2009 cheti cha FSC, cha kimataifa cha msitu unaovunwa kwa uangalifu. Tunza risiti na hati ya kusafirishia, kwani tangu 2017 biashara ya mpingo kuvuka mipaka iko chini ya CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya mimea na wanyama walio hatarini, na mnunuzi wa nje ataziulizia.

Siku ileile gogo linapokatwa, ziba ncha zake. Yeyusha nta ya nyuki katika kopo lililowekwa ndani ya sufuria ya maji ya moto, kamwe si juu ya moto wenyewe, upake ncha zote mbili na sentimita 5 za ubavu. Maji hutokea nchani haraka kuliko ubavuni. Ncha husinyaa kabla ya tumbo la gogo, na nyufa hutawanyika kama miale ya nyota. Gogo nene lipasuliwe kwa msumeno kupitia moyo wake, maana likiachwa zima mara nyingi hujipasua lenyewe. Sehemu nyeupe ya nje usiiondoe bado.

Panga vipande juu ya fito za sentimita 2.5, hewa ipite kila upande. Andika tarehe na uzito kwenye kila kipande, ukipime tena kila wiki kwa mizani ileile. Uzito usipobadilika mwezi mzima, kimekauka.

Wanaoanza wasipewe mpingo. Matawi ya mwembe au mkorosho yaliyopogolewa yanatosha kuzoeza mkono, na barakoa za mapiko, ngoma ya Wamakonde, zenyewe huchongwa kwa mti mwepesi. Kila mwanafunzi apate tezo 1, patasi 3, nyundo ya mti, tupa na msasa. Aketi chini, kipande kikiwa kati ya miguu. Meza ndefu ya seremala humnyima nguvu ya tezo. Wakati wa kupiga msasa avae kifuniko cha pua na mdomo, kwa sababu vumbi la mpingo huwasha ngozi na kifua.

Jioni, kazi isiyokwisha ifungwe kwenye gunia na kurudishwa stoo. Ikiachwa dirishani, ufa unaweza kupita usoni kabla macho hayajachongwa.