Somo: Kupima hali ya awali ya maji kabla mgodi haujaanza, kwa mfano wa Bahi

Somo hili linawahusu wajumbe wa kamati za mazingira na jumuiya za watumia maji wanaoishi karibu na eneo linalopendekezwa kuchimbwa madini. Ninatolea mfano Bahi, wilaya ya Mkoa wa Dodoma, kwa sababu wilaya hiyo na jirani yake Manyoni zimekwisha kufanyiwa utafiti wa urani, na kwa sababu maji yake yana tabia inayobadilisha kazi nzima. Mto Bubu, ukishuka kutoka upande wa Kondoa, huishia katika kinamasi cha Bahi, na humo maji hayana njia ya kutoka kwenda baharini. Jua ndilo linaloyapunguza. Chochote kinachoingia humo, kiwe chumvi au sumu, hubaki na kuzidi kukolea kadiri kiangazi kinavyosonga.

Kwa hiyo maji ya kanda hii yana chumvi na floridi za miamba hata pasipo mgodi. Mtu akianza kupima baada ya mgodi kufunguliwa, akakuta floridi ya miligramu 3 kwa lita ilhali kiwango cha Shirika la Afya Duniani ni 1.5, hataweza kueleza imetoka wapi. Mwanakijiji ataulaumu mgodi kwa jambo la miamba, au mgodi utaisingizia miamba jambo lake.

Hatua ya kwanza ni kuchagua vituo, yaani mahali pa kuchukulia sampuli. Katika kila mkondo weka kituo kimoja juu ya eneo la mgodi, mahali ambapo uchafu wake hautafika, kingine chini yake kwa karibu, na cha tatu mbali zaidi. Ongeza korongo la jirani lisilohusika kabisa, ili mwaka wa ukame usije ukadhaniwa kuwa kosa la mgodi. Kisha waulize akina mama wanachota wapi hasa, maana ramani haionyeshi visima vinavyofukuliwa mchangani mto ukikauka, na hivyo ndivyo vinavyonywewa Septemba na Oktoba.

Hatua ya pili ni ratiba. Dodoma ina msimu mmoja wa mvua, takriban Desemba hadi Aprili, kwa hiyo mwaka mmoja kamili ndio uchache wa kazi hii, na miwili ni bora. Usikose maji ya kwanza ya msimu, ambayo hukokota vumbi, samadi na majivu ya miezi saba na kupita kwa saa chache tu.

Hatua ya tatu, kuchukua sampuli, ndiyo inayoharibika mara nyingi. Simama ukielekea maji yanakotoka, chupa ikiwa mbele yako, ili tope unalolitibua lipite nyuma. Joto, pH (kipimo cha uchachu), oksijeni na upitishaji wa umeme (dalili ya wingi wa chumvi zilizoyeyuka) hupimwa hapo hapo, kwa sababu hubadilika njiani. Chupa ya metali zilizoyeyuka hutiwa maji yaliyochujwa kwa kichujio cha mikromita 0.45, ndipo yakutane na tindikali ya nitriki; tindikali ikikuta tope huzing'oa metali zilizoshikamana nalo, nawe utazihesabu kana kwamba zilikuwa zimeyeyuka. Maji mekundu ya masika huziba kichujio kabla hata kikombe hakijajaa, basi beba vichujio vya akiba. Mwaka wangu wa kwanza nilizisuuza mtoni chupa ambazo maabara ilikuwa imekwisha kuzitia tindikali, nikidhani naongeza usafi, na safari nzima ikapotea.

Pima pia wingi wa maji. Tupa chungwa, hesabu sekunde linazotumia kupita mita 10, upate kasi, uizidishe kwa 0.85 kisha kwa upana na kina cha wastani.

Hatua ya nne ni maabara. Omba urani, aseniki, risasi, zebaki, floridi, salfeti na naitreti. Urani ina kiwango cha mikrogramu 30 kwa lita, aseniki 10, hivyo maabara isiyoweza kusoma chini ya namba hizo haikufai. Katika kila sampuli kumi, moja iwe pacha, yaani chupa mbili za maji yale yale, na chupa moja ya maji safi yaliyotoneshwa isafiri pamoja nazo, ili uchafu wa njiani ujulikane.

Maswali ya wajumbe

Mjumbe kutoka Ilindi: Mwalimu, tukifika kituoni tukakuta mto mkavu, tunaacha nafasi wazi?

Jibu: Hapana, ndugu yangu. Andika “mkavu” pamoja na tarehe na picha, kisha chukua sampuli ya kisima cha mchangani kilicho karibu. Nafasi wazi itasomwa kuwa hamkwenda.

Mjumbe kutoka Chali: Mwekezaji amekwisha kupima kwa ajili ya tathmini ya athari kwa mazingira. Kwa nini turudie?

Jibu: Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inamtaka afanye tathmini hiyo, na NEMC, chombo cha taifa cha kusimamia mazingira, huipitia. Ombeni taarifa yake mtazame tarehe kabla ya matokeo. Sampuli zote zikiwa za safari moja ya Agosti, hazielezi lolote kuhusu masika. Njia nzuri ni kuchukua sampuli saa ile ile na mahali pale pale pamoja na wataalamu wake, kila upande ukapeleka maabara yake.

Mjumbe mwingine: Kipimo kidogo cha mkononi cha upitishaji wa umeme kinatosha?

Jibu: Kinatosha kuwaamsha. Kisima kikiruka ghafla kutoka namba mliyoizoea, pelekeni chupa maabara. Lakini hakioni aseniki wala urani.

Mjumbe kutoka Manyoni: Kwetu wamekwisha kuchoronga mashimo ya utafiti. Tumechelewa?

Jibu: Pimeni leo, na mwandike wazi kwamba uchorongaji ulikuwa umeanza, mkitaja mashimo yalipo. Vituo vya juu na korongo la jirani bado havijaguswa. Hivyo ndivyo vitakavyobeba ushahidi wenu.